Maiki Ilitoka Mahabusu Kwanza

Vijana wangu mnaofunga muziki kwenye harusi na mikutano hapa Korogwe, mmenisumbua muda mrefu niwaandikie habari za kazi yetu, nami nilikuwa nawapiga chenga. Kilichonikalisha chini ni jambo la juzi. Nilikuwa kijiweni nanywa kahawa, nikamsikia mmoja wenu akijisifu kwamba mteja wake wa siasa alimwomba amshushie sauti mpinzani, naye akamshushia. Alisimulia kwa furaha kama mtu aliyefunga goli la ushindi. Kahawa ikanishinda. Simtaji jina, maana mama yake ni jirani yangu na ananiletea mboga, lakini haya yote ninamwandikia yeye kwanza, ninyi wengine mtachungulia.

Niliingia kwenye kazi hii enzi za ruksa. Kabla ya hapo kipaza sauti kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mmoja. Biashara zilipofunguliwa, mitumba ikaingia, redio zikaingia, hata mimi Msambaa wa Dindira, mtoto wa mchuma chai, nikaweza kumiliki amplifaya, maiki, betri ya lori na honi mbili, zile spika zenye mdomo mpana mnazozicheka sasa. Halafu vyama navyo vikaruhusiwa kuwa vingi. Hapo ndipo neema iliponishukia, kwa sababu kutoka Korogwe hadi Handeni mtu aliyetaka kusikika nje ya sebule yake alinijia mimi. Wa chama cha zamani walinijia, wa chama kipya walinijia, na walipokutana mlangoni kwangu walisalimiana kwa kuangalia pembeni.

Aliyenifundisha ni Mzee Barnaba, Mungu amrehemu. Huyu alizunguka miaka mingi na gari la sinema ya bure, akiwaonyesha watu vijijini picha za mbolea na sabuni. Alikuwa mkali. Ukiweka maiki mbele ya honi ikapiga mluzi, alikupiga na wewe. Alisema mluzi ule una hasara mara mbili, kwani masikio yanauma, na mwanasiasa anadhani anazomewa. Alinifundisha kuelekeza honi kule upepo unakoenda, maana sauti ni mvivu, haipendi kupanda upepo. Alinifundisha kuivika maiki kitambaa kabla ya mgeni rasmi kuishika, kwa kuwa wakubwa wengine wakipandwa na uzalendo hutema mate. Na betri, alisema, usiibebe ukiwa na suruali ya Idi. Mimi nilibeba. Maji ya betri yalinitoboa matundu nyuma, nikafanya mkutano mzima nimeegemea ukuta.

Kujaribu maiki kulikuwa na siasa yake. Mwanzoni nilikuwa nahesabu, "Moja, mbili, moja, mbili." Mkutano mmoja mzee wa chama cha zamani akanifuata akiwa amekunja uso, akataka kujua hiyo mbili ni nani. Wiki iliyofuata wa chama kipya wakaniuliza kwa nini naanza na moja. Tangu hapo nikawa nasema "haloo, haloo" na kunyamaza.

Lakini sheria kubwa ya Mzee Barnaba ilikuwa hii. Maiki ina swichi yake ndogo pale shingoni, na swichi hiyo ni ya anayesema. Akitaka kunyamaza atajizima mwenyewe. Fundi anafungua kazi na kufunga kazi, basi. "Wewe ni daraja," aliniambia. "Umeona wapi daraja linamchagulia mtu mzigo wa kuvuka nao?"

Sasa niwaambie nilichokiona juu ya hao wavukaji. Sikumbuki mwanasiasa hata mmoja aliyepanda jukwaani kwangu bila kuusifu uhuru wa kusema. Waliusifu mpaka mishipa ikasimama. Kisha wakishuka, kabla vumbi halijatulia, wananivuta pembeni. "Fundi, yule jamaa kesho anakutumia?" Ndiyo, ananitumia. "Akifika kwenye habari za shule, hiyo betri haiwezi kuugua kidogo?" Maneno yalikuwa yale yale kwa wote, kana kwamba walikuwa na mwalimu mmoja. Wa chama kipya walilia kwamba wananyimwa sauti na watu wa zamani, huku wakinong'ona betri iugue. Wa zamani walisema hatuna haja ya kumzima mtu, sisi ni wakubwa, halafu nao wakanong'ona betri iugue.

Nami nikawa na dawa yangu, na ninyi ichukueni. Nilijibu kwa heshima zote, "Mheshimiwa, hilo dogo. Ila betri ikiugua huwa haiponi upesi, na kesho kutwa mkutano ni wa kwako." Wote waliionea betri huruma hapo hapo.

Kule kwetu Dindira nilishuhudia kubwa zaidi. Mgombea mmoja alikuja kuhutubia asubuhi, ukungu bado umelala juu ya chai. Kule kwetu ukipiga kelele upande huu wa bonde, upande wa pili unakujibu. Sisi tumezaliwa na mwangwi huo, hatuusikii tena. Yeye alikuwa mtu wa tambarare. Akaanza, "Wananchi, hatutaki vitisho!" Mlima ukajibu, "Vitisho!" Akasita. "Mimi ni mtetezi wa haki!" Mlima, "Wa haki!" Jamaa akafunika maiki kwa kiganja, akaniuliza kama kuna mwingine niliyemkodisha honi upande ule. Kabla sijajibu alishawatuma mgambo wavuke bonde wakamkamate anayevuruga mkutano. Vijana wa mgambo, wenyeji wa pale pale, waliangaliana, wakashuka kwa sababu amri ni amri. Walirudi wameloa hadi mapajani, wakatoa taarifa kwamba upande ule kuna chai tu. Mgombea akachukua maiki akatamka kwa ushindi, "Mnaona? Wakisikia ukweli wanakimbia!" Na mlima ukakubali kwamba wanakimbia.

Tulicheka wiki nzima. Lakini si kila mara ilikuwa ya kuchekesha, na hapa ndipo nilipotaka kumfikisha yule kijana wangu.

Upande wa Sindeni, Handeni, kulikuwa na kijiji chenye kisima kirefu. Nchi ile ni kavu. Kisima kilikuwa na injini ya kuvuta maji, na kamati ya kuiangalia, na mwenyekiti wa kamati aliitwa Bwana Mhando. Siku moja injini ilipelekwa matengenezo. Ilitengenezwa vizuri mno, ikapakwa rangi ya kijani, ikaonekana inasaga mahindi kwenye mashine mpya ya Bwana Mhando. Kila mtu aliijua, maana ilikuwa na kikohozi chake. Mbia wake kwenye mashine ile, mwenye nusu, alikuwa Bwana Semkiwa. Wanawake wakawa wanakwenda kuchota kwenye lambo, bwawa la matope wanakonywea ng'ombe wa wafugaji, na wakirudi nyumbani wanachuja maji kwa kanga.

Vyama vilipokuwa vingi, Mhando alibaki cha zamani na Semkiwa akaenda kipya, na wote wawili wakagombea udiwani. Nilifunga honi kwa wote. Walitukanana kuhusu barabara, zahanati, elimu, hata kuhusu nani alioa mapema. Kuhusu injini walikuwa na adabu ya ajabu. Mhando alipenda kusema, "Mtu huru haogopi maneno!" Semkiwa alikuwa na yake, "Uhuru wenye mipaka ni zizi, na sisi si ng'ombe!" Wafugaji waliokuwa wamesimama nyuma na fimbo zao hawakufurahia sana huo mfano.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Nyamizi, muuza uji wa gulioni. Babu yake aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na shamba la mkonge lilipodorora familia ikahamia huko kulima. Sasa, vijana mliozaliwa na simu mkononi, huenda hamjui vizuri. Mnyamwezi na Mzigua, mwenyeji wa pale, ni watani. Mtani ana ruhusa asiyo nayo hakimu wala shehe. Atakuita mtumwa wa babu yake, atakukamatia kuku na kumla, atacheka msibani kwako, na wewe huna pa kumshitaki. Ukikasirika, aibu ni yako. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekushika. Anaigiza marehemu, anazuia jeneza mpaka apewe anachotaka, anawachekesha waliolia mpaka wakaishiwa machozi. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu asiye na kwao.

Wazee wa kijiji waliona matusi ya kampeni yamezidi, wakawaomba wagombea wakae jukwaa moja siku ya gulio, wajibu maswali ya watu. Wote wawili walikubali, tena kwa mbwembwe. Nilifunga honi moja ikielekea sokoni na nyingine malishoni. Mhando akatangaza kwamba siku hiyo kila mtu aseme atakalo. Semkiwa akasema si atakalo tu, aseme na asichotaka.

Maswali yakaanza, mepesi. Kisha Bibi Nyamizi akaacha sufuria ya uji, akajifuta mikono, akaja akachukua maiki.

"Mwangaluka, watumwa wangu!" akasalimia kwa Kinyamwezi.

Watu wakaangua kicheko, maana hiyo ndiyo salamu yake siku zote.

"Nimewasikiliza. Wewe Mhando umetununulia barabara kwa mdomo. Wewe Semkiwa umejenga zahanati kwa mdomo. Mimi mdomo wangu umekauka. Nauliza hivi, ile injini ya kisima ilipona lini hata ikaajiriwa kusaga mahindi? Na mshahara wake mnagawana vipi, Mhando anachukua unga na Semkiwa anachukua pumba, au mnapokezana?"

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Hata wafugaji walikipata, na wao Kiswahili cha mafumbo huwa hawana haraka nacho. Nikawatazama wagombea. Husemwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Siku ile walikaa. Waliinuka pamoja, wakanigeukia pamoja, wakasema kwa sauti moja, "Zima!"

Ninyi mnajua swichi iko wapi. Mimi nilianza kuitafuta. Nilitazama chini ya amplifaya, nikafuata waya mpaka kwenye betri, nikarudi, nikauliza watu kama kuna aliyeona bisibisi. Bibi Nyamizi akapata nafasi ya kumaliza, akawaambia kwamba yeye hadai chochote, anataka injini irudi kisimani kwa sababu mgongo wake si wa punda. Kisha akajizimia maiki mwenyewe, kistaarabu, akanirudishia.

Wagombea walikwenda kituo cha polisi kwa gari la Semkiwa, lililotiwa mafuta na Mhando. Walalamikaji wawili, lalamiko moja, kwamba mwanamke huyo ametumia lugha ya matusi hadharani kwa kuwaita watumwa, na amevuruga mkutano halali. Habari za injini hazikuwemo kwenye lalamiko. Mkuu wa kituo alikuwa mgeni, ametoka mikoa isiyojua utani wa huku, naye akamweka Bibi Nyamizi mahabusu na maiki yangu akaichukua kama kielelezo.

Nilipinga. Nilimwambia, "Afande, maiki haina kosa, imepitisha tu."

"Hata risasi hupitishwa na bunduki," akanijibu.

Ila Mhando alikuwa na mkutano kesho yake, na Semkiwa siku iliyofuata. Bila maiki wangehutubia vipi, na nani awasikie? Jua halijazama walishafika kituoni tena, kwa gari lile lile, wakaombea maiki itoke. Maneno waliyotumia niliyasikia kwa masikio yangu. Walisema kukamata chombo cha mawasiliano ni kuinyima jamii sauti. Maiki ikatoka. Bibi Nyamizi akalala ndani. Alipewa dhamana kesho yake kwa sharti la kutofungua mdomo kwenye mkusanyiko wowote mpaka walalamikaji wote wawili waridhike. Nilikasirika, sitawaficha. Niliifuta maiki ile kwa kitambaa nikaona haya kuishika.

Wanyamwezi wengine wa kijijini wakakaa wakasemezana. Wakasema kama mkubwa wetu kafungwa mdomo, sisi wadogo tutapata wapi ulimi? Utani ukafa kijijini. Wakikutana na Mzigua wanasema, "Shikamoo, bwana," au, "Habari za asubuhi," na kupita. Ninyi mnaweza kuona ni adabu. Wazigua wa pale walijisikia kama watu waliotengwa.

Kampeni haijaisha, mama yake Mhando akafariki. Bibi Mwanaidi alikuwa bibi mcheshi, na Bibi Nyamizi alikuwa mtani wake wa kufa na kuzikana. Walikuwa wameibiana kuku kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyejua kuku yupi wa nani. Mhando akaniita nifunge honi msibani, kwa sababu viongozi watakuja na watataka kusema. Mwanasiasa hata mama yake akifa ana ratiba. Nikaenda asubuhi.

Nilikuta watu wengi na kimya kizito. Wanyamwezi walikuwepo wote. Walichota maji, walipasua kuni, walitandika mikeka, na kila mmoja alimwendea Mhando akainama, "Pole sana, mheshimiwa." Basi. Hakuna aliyejifunga kanga ya marehemu, hakuna aliyeigiza kutembea kwake na mkongojo, hakuna aliyeuliza ugali wa msiba uko wapi. Bibi Nyamizi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, ameshika mdomo kwa kiganja, na machozi yakipita juu ya vidole. Wanawake wa Kizigua walikuwa wanamtazama yeye kuliko walivyotazama jeneza. Nilisikia mmoja akisema, "Mwanaidi anaondoka kama mgeni wa gesti." Maneno hayo yalimfikia Mhando, nikaona mabega yanamshuka.

Akamwendea, akachuchumaa mbele yake, mtu mzima na suti yake.

"Mtani, sema."

Bibi Nyamizi akaondoa kiganja kidogo. "Huu si mkusanyiko?"

"Ni msiba wa mama yangu."

"Nauliza, si mkusanyiko? Nimekatazwa nisiseme kwenye mkusanyiko. Nitarudi ndani, mgongo wangu haupendi sakafu ile."

Mhando akasema amefuta lalamiko lake, amelifuta sasa hivi, Mungu shahidi. Bibi Nyamizi akamkumbusha kwamba walalamikaji ni wawili. Akarudisha kiganja mdomoni.

Shehe akaangalia jua. Marehemu hakai. Mhando akaja kwangu, akaniambia nenda kwa Semkiwa, wewe na yeye hamkugombana. Nikapanda gari langu la honi, nikaenda.

Nilimkuta Semkiwa barazani anakunywa chai ya maziwa, anajiandaa kuja msibani baadaye, wakati wa hotuba. Nikamweleza. Akaweka kikombe chini taratibu. Akaniambia anasikitika sana, lakini jambo limeshakuwa la kisheria. "Fundi, uhuru una mipaka yake," alisema. "Kila mtu akiropoka anavyotaka, nchi itakwenda wapi?"

Mtu wa zizi! Nilitaka kumrudishia maneno yake ya jukwaani, neno kwa neno, na ninayakumbuka yote. Lakini nilikumbuka pia nimetumwa na maiti inasubiri. Nikasema tu, "Mheshimiwa, nimesahau hata kusalimia. Mama hajambo?"

"Hajambo," akasema. "Ana kikohozi kidogo."

Na kweli, chumba cha ndani mama yake akakohoa. Alikohoa kwa muda. Semkiwa akakisikiliza kile kikohozi mpaka kilipokwisha, akanitazama, akatazama kikombe. Kisha akaita waje na viatu vyake.

Kituoni walisimama wote wawili mbele ya mkuu. Mimi nilikuwa dereva, nikasimama mlangoni.

"Kwa hiyo kuwaita watumwa si matusi tena?" mkuu akauliza.

"Si matusi, afande. Ni utani," akasema Mhando.

"Na wiki ile ilikuwa nini?"

Wakatazamana. Semkiwa ndiye aliyejibu. "Wiki ile ilikuwa siasa."

"Maneno yale yale?"

"Yale yale, afande."

Mkuu wa kituo akatikisa kichwa. "Mkuki kwa nguruwe," akasema, na hakumalizia. Akatuambia twende tukazike.

Tulipofika, jeneza lilikuwa limeshabebwa mabegani, liko tayari kutoka uani. Mhando akamwambia Bibi Nyamizi kwa sauti ya kusikika kwamba sasa yuko huru. Yule bibi akainuka, akajinyoosha mgongo, akauliza, "Niseme yote au nusu?"

"Yote, mtani. Yote."

Akanyoosha mkono kwangu. Nikampa maiki. Akaenda akakaa chini, katikati ya njia ya jeneza, akakunja miguu kama mtu aliyefika kwake.

"Hapiti mtu," akasema, na honi zikalipeleka neno hilo mpaka gulioni. "Mwanaidi mtumwa wangu alikuwa anachota maji lambo moja na ng'ombe, na mwanawe ana injini. Amekufa na kiu. Mimi sitaki kuku, sitaki kanga. Nataka injini. Injini irudi kisimani, ndipo mtumwa wangu apite."

Wabebaji wakabadilishana mabega. Shehe akaangalia jua tena, akamwambia Mhando kwa upole, "Mheshimiwa, jua linakwenda." Kwa desturi ya pale mtu hawezi kumvuka mtani, na hawezi kumdanganya mbele ya jeneza la mama yake. Mhando alijua hivyo, na watu wote uani walijua kwamba anajua.

"Itarudi," akasema.

"Sisikii. Masikio yangu yalibaki mahabusu."

Nikamsogezea maiki. "Injini itarudi kisimani," akasema, na safari hii wafugaji kule malishoni walisikia.

Semkiwa alikuwa anachekea pembeni. Bibi akamgeukia. "Na wewe mwenye pumba?"

Semkiwa akaacha kucheka, akaja mbele, akasema na nusu yake pia itarudi. Hapo Bibi Nyamizi akainuka, akampokonya mzee mmoja mkongojo, akaanza kutembea kama Mwanaidi, mguu wa kushoto ukivuta, huku akilalamika kwa sauti ya Mwanaidi kwamba wajukuu wa siku hizi hawajui kupika. Alikuwa Mwanaidi mtupu. Watu walicheka, wakalia, wakacheka. Mhando alicheka mpaka akashikwa, kisha akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya amplifaya na uso umelowa. Ndipo Bibi Mwanaidi akapita kwenda makaburini, na utani ukafufuka kijijini.

Injini ilirudi. Ilibakia na rangi ya kijani. Siku ya kufungua kisima wagombea wote wawili walinikodi, kwa mara ya kwanza kwa mkutano mmoja, na kulikuwa na meza yenye kitambaa. Mhando alisema yeye ndiye aliyefuta lalamiko la kwanza, kwa kuwa anaamini katika uhuru wa kusema. Semkiwa alisema lalamiko halikufutika mpaka yeye alipofika, kwa hiyo aliyemfungulia bibi mdomo ni yeye. Walizozana juu ya hilo muda mrefu, wakipokezana maiki. Wakatokea watu wa chini wanaotaka kuuliza habari za ada ya maji. Mwongoza ratiba akasema maswali hayamo kwenye ratiba, na wagombea wote wawili wakapiga makofi.

Bibi Nyamizi hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa kwenye foleni ya bomba, na ndoo yake. Mimi nilikuwa nimevuta waya mrefu siku ile, nikachukua maiki pale mezani wakati wanazozana, nikaenda nayo mpaka alipo. Nikamwambia, "Bibi, chukua, waambie wewe ilivyokuwa. Swichi iko wazi, na mimi sizimi."

Akaitazama maiki, akatazama meza yenye kitambaa, akanitazama mimi. Ndoo ilikuwa imejaa. Akaiinua akajitwisha, maji yakamchuruzika usoni.

"Leo hajafa mtu, fundi," akasema, akashika njia ya kwake.